Mlima wa Usiku na Maji ya Katse

Majira ya baridi ya mwaka 1824, mtemi mmoja mdogo aitwaye Moshoeshoe aliwahamisha watu wake kutoka mlima wa Butha-Buthe, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Lesotho, akashika njia ya kusini. Nyanda za juu za kusini mwa Afrika zilikuwa zimechafuka. Wasotho huziita zama hizo Lifaqane: koo zilifukuzana, ng'ombe waliporwa, mashamba yalibaki bila mbegu, na njaa ikawafikisha watu wengine mahali pa kula binadamu wenzao. Msafara wa Moshoeshoe ulikuwa na wazee, watoto na mifugo iliyodhoofu. Babu yake, mzee Peete, akabaki nyuma. Walaji wa watu wakamkamata, wakamla.

Baadaye, Moshoeshoe akiwa amekwisha kujijenga, Rakotsoane na kundi lake waliofanya kitendo hicho waliletwa mbele yake. Washauri walitaka damu. Mapokeo ya Wasotho yanasema mtemi alikataa kwa hoja ambayo hakuna aliyepata la kuijibu: watu hawa ndio kaburi la babu yangu, na kaburi halivunjwi. Akaagiza wafanyiwe tambiko lile lile la kaburini, kisha akawapa mahali pa kukaa na ng'ombe wa kuanzia maisha.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa huruma, na huruma ilikuwamo. Mimi nikikitafakari naona pia hesabu ya mtu anayejua kwamba hana watu wa kupoteza. Adui akiuawa, nchi imepungukiwa mkono. Adui akilishwa, huenda mwakani akashika mkuki upande wako. Moshoeshoe aliishi miaka 46 baada ya safari ile, na karibu kila uamuzi mkubwa alioufanya ulipita kwenye mizani hiyo: hasira hii itanigharimu nini, na nimemwegemea nani?

Alikohamia kunaitwa Thaba Bosiu, yaani Mlima wa Usiku, kwa kuwa walifika giza limeingia. Si mlima mrefu. Ni bonge la mawe lenye kuta wima na tambarare juu yake, chemchemi za maji, malisho, na njia chache nyembamba za kupandia ambazo watu wachache wenye mawe ya kuvingirisha wangeweza kuzilinda. Katika uhai wake wote hakuna jeshi lililouteka. Wakimbizi wa koo nyingi, wengine wasiosema hata lugha yake, walipanda kuomba hifadhi, naye akawakopesha ng'ombe kwa utaratibu uitwao mafisa: unamchunga, unakunywa maziwa yake, unalimia, lakini ng'ombe mwenyewe ni wa mtemi. Taifa la Wasotho lilishonwa kwa maziwa hayo. Mwaka 1831 askari wa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, walipojaribu kuupanda mlima na kushindwa, Moshoeshoe aliwatumia ng'ombe wa kula njiani waliporudi makwao, kwa maelezo kwamba bila shaka ni njaa iliyowaleta. Hawakurudi tena.

Mwaka 1833 wamisionari watatu wa Kifaransa, Eugène Casalis, Thomas Arbousset na Constant Gosselin, walifika kwa mwaliko wake. Walianzisha kituo cha Morija, wakaiandika lugha ya Kisotho, na Casalis akawa kama katibu wa mambo ya nje wa ufalme usio na wizara. Moshoeshoe mwenyewe alikuwa na ng'ombe na mlima. Alichokosa ni mtu wa kumsomea barua za wazungu kabla hazijawa vita.

Kwa maana wazungu walikuwa wanakuja. Tangu miaka ya 1830 Makaburu waliouhama utawala wa Kiingereza kule Rasi ya Tumaini Jema walianza kuvuka mto Orange na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Wa kwanza waliomba ruhusa ya kulisha mifugo kwa msimu, na Moshoeshoe, mtu wa mafisa, aliwaelewa kwa desturi yake: ardhi haiuzwi, inaazimwa. Wao waliiona kwa desturi yao: ukijenga nyumba na kuchimba kisima, shamba ni lako. Mvutano ule ulidumu zaidi ya miaka 30, na kila mpaka uliochorwa na maofisa wa Kiingereza uliwasukuma Wasotho hatua nyingine kuelekea milimani.

Mwezi Desemba 1852, Sir George Cathcart, gavana wa Rasi, alikuja na jeshi kudai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 kama fidia ya wizi wa mifugo mpakani. Moshoeshoe alileta ng'ombe 3,500. Cathcart akashambulia kwenye uwanda wa juu wa Berea, akakutana na wapanda farasi wa Kisotho wenye bunduki, akapoteza askari wengi kuliko alivyotarajia. Usiku ule Moshoeshoe alimwandikisha mwanawe Nehemiah barua ya kuomba amani. Ndani yake alimwambia gavana kwamba ameonyesha nguvu zake, ameadhibu vya kutosha, ameteka ng'ombe, basi iwe imetosha. Cathcart aliipokea kama mtu aliyetupiwa kamba majini, akatangaza ushindi, akaondoka. Aliyeshinda alimwomba radhi aliyeshindwa ili aliyeshindwa apate njia ya kwenda nyumbani na heshima yake. Sijui barua nyingine katika historia ya bara letu iliyookoa watu wengi kiasi hicho kwa maneno machache namna ile.

Lakini barua haifanyi kazi kwa kila adui. Waingereza walikuwa na bahari ya kurudi. Makaburu wa Dola Huru la Orange, lililoundwa 1854, hawakuwa na pa kurudi, na waliitaka ardhi yenyewe. Walipigana na Wasotho mwaka 1858 wakashindwa, wakarudi 1865 wakiwa wamejipanga vizuri zaidi. Mwezi Agosti mwaka huo kamanda wao Louw Wepener aliuawa akiupanda Thaba Bosiu, na mlima haukuanguka. Makaburu wakaacha kuushambulia mlima, wakaanza kuchoma mahindi na mtama. Ngome ya mawe inaweza kukaa bila kutekwa miaka mingi huku mashamba yaliyo chini yake yakiteketea. Mwaka 1866 Moshoeshoe alilazimika kutia alama yake kwenye mkataba uliompokonya sehemu kubwa ya ardhi inayolimika.

Hapo ndipo alipolisukuma kwa nguvu zake zote ombi ambalo alikuwa ameanza kulipeleka miaka kadhaa nyuma: Malkia Victoria awachukue Wasotho wawe watu wake. Usemi unaohusishwa naye unawalinganisha Wasotho na chawa katika blanketi la Malkia. Wapo wanaouona usemi huo kuwa wa kujidhalilisha. Nadhani wanamsoma vibaya. Mzee huyu alikuwa na umri unaokaribia miaka 80, amewaona watemi jirani wakigeuzwa vibarua kwenye mashamba ya baba zao, na alijua kuwa hana tena nafasi ya kuchagua kati ya kuwa huru na kuwa chini ya mtu. Iliyobaki ilikuwa nafasi ya kuchagua bwana. Alimchagua aliye mbali, asiyehitaji shamba lake la mahindi. Tarehe 12 Machi 1868 gavana Philip Wodehouse alitangaza kwamba Wasotho ni raia wa Uingereza na nchi yao ni milki ya Malkia.

Bei ilikuja mwaka uliofuata. Katika mapatano ya Aliwal North, mwaka 1869, Waingereza na Makaburu waliketi wakachora mpaka, na Moshoeshoe hakuwepo mezani. Ardhi tambarare yenye rutuba magharibi mwa mto ambao Wasotho huuita Mohokare, na ramani za wazungu huuita Caledon, ilikwenda Dola Huru. Walibakiwa na ukanda mwembamba wa kulima na milima nyuma yake. Moshoeshoe alifariki tarehe 11 Machi 1870. Mpaka ule, kwa sehemu kubwa, ndio mpaka wa leo, na ukisimama upande wa Maseru, mji mkuu, ukatazama ng'ambo ya Mohokare unaona mashamba ya Free State, Dola Huru ya zamani, yakinyooka mpaka upeo wa macho.

Ajabu ni kwamba kizazi kilichofuata hakikufa njaa. Almasi ilipovumbuliwa Kimberley, Wasotho walikuwa miongoni mwa waliowalisha wachimbaji: ngano na mtama vilivuka mpaka kwa magari ya ng'ombe, na vijana walikwenda machimboni msimu mmoja, wakarudi na bunduki. Bunduki hizo zilikuwa na kazi. Uingereza ilikuwa imewakabidhi Wasotho kwa Koloni la Rasi mwaka 1871 bila kuwauliza. Mwaka 1880 serikali ya Rasi ilipowaamuru wasalimishe silaha, machifu wengi, Lerotholi na Masupha wakiwa mbele, walikataa. Vita hivyo, vinavyoitwa Vita vya Bunduki, havikuwa na mshindi wa wazi uwanjani, lakini hazina ya Rasi ilichoka. Mwaka 1884 koloni liliirudisha nchi mikononi mwa London.

Tukio hili hupewa aya moja kwenye vitabu, nami naona ndiyo bawaba ya historia nzima. Kama Basutoland, jina la Lesotho chini ya Waingereza, ingebaki sehemu ya Rasi, mwaka 1910 ingeingia moja kwa moja kwenye Muungano wa Afrika Kusini, na miaka 50 baadaye ingekuwa mojawapo ya zile nchi za bandia ambazo utawala wa ubaguzi wa rangi uliwatengea Waafrika. Kwa kuwa ilikuwa chini ya London, ilipona, ingawa kwa kuning'inia: sheria ya kuunda Muungano iliacha mlango wazi kwa Basutoland, Bechuanaland na Swaziland kukabidhiwa baadaye. Machifu walituma ujumbe London mwaka 1909 kupinga. Kwa nusu karne iliyofuata kila waziri mkuu wa Afrika Kusini aliomba akabidhiwe, na kila mara Wasotho walijibu kwa kumkumbusha Mwingereza ahadi aliyompa Moshoeshoe.

Wakati bendera ikigombewa juu, chini maisha yalikuwa yakihamia ng'ambo. Mwaka 1910 nchi iliingizwa kwenye umoja wa forodha na Afrika Kusini, na fungu lake la ushuru likawekwa chini ya asilimia 1 ya mapato yote. Kodi ya kichwa ilitaka fedha taslimu. Udongo wa ukanda ule mwembamba ulilimwa bila kupumzika mpaka mvua zikaanza kuuchimba makorongo, na reli ya Makaburu ikaleta nafaka ya bei ndogo. Nchi iliyokuwa ikiuza ngano ikawa inauza wanaume. Waliita kwenda makhooeng, yaani uzunguni: Johannesburg, Welkom, Carletonville, chini ya ardhi kwenye migodi ya dhahabu. Kwetu wapo wanaoijua safari hiyo. Wazee wa Tukuyu na Rungwe wanalikumbuka neno Wenela, shirika lililowasafirisha vijana wa kusini mwa Tanganyika kwenda migodi ile ile, kama walivyokuwapo manamba wa mkonge. Tofauti ni kiasi. Kwetu ilikuwa mikoa kadhaa. Kwao ilikuwa nchi. Katika miaka ya 1970 na 1980 zaidi ya wanaume 100,000 wa Lesotho walikuwa migodini kwa wakati mmoja, kutoka taifa ambalo watu wake wote hawakufikia milioni 2. Wanawake ndio walioendesha mashamba, vikao vya kijiji na mazishi.

Uhuru ulikuja tarehe 4 Oktoba 1966, na wiki zilizoutangulia zinaeleza mengi. Chama cha Leabua Jonathan, mjukuu wa ukoo wa Moshoeshoe, kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa 1965 kwa viti 31 kati ya 60. Yeye mwenyewe alishindwa jimboni kwake na ikabidi apewe jimbo lingine. Katika pilikapilika hizo serikali ya Hendrik Verwoerd, waziri mkuu wa Afrika Kusini, ilimpa magunia 100,000 ya nafaka awagawie watu. Tarehe 2 Septemba 1966 Jonathan alikwenda Pretoria kukutana na Verwoerd ana kwa ana, Mwafrika akipokewa kama kiongozi wa serikali na msanifu mkuu wa ubaguzi wa rangi. Siku nne baadaye Verwoerd alichomwa kisu bungeni, akafa.

Ilikuwa rahisi kumwita Jonathan kibaraka, na wengi walimwita hivyo. Mwaka 1970, alipoona chama cha upinzani cha Ntsu Mokhehle kinashinda uchaguzi, aliufuta, akasimamisha katiba, akampeleka Mfalme Moshoeshoe wa Pili uhamishoni kwa miezi kadhaa. Katika hilo hana utetezi. Lakini mtu yule yule alianza polepole kugeuka. Baada ya maandamano ya Soweto mwaka 1976, wanafunzi walivuka Mohokare kwa mamia na Lesotho ikawapokea. Oktoba mwaka huo Afrika Kusini ilipotangaza kwamba Transkei, mojawapo ya zile nchi za bandia, ni nchi huru, Lesotho ilikataa kuitambua, ingawa sehemu ya mpaka wake wa kusini mashariki inapakana nayo. Aprili 1980 ilikuwa Lusaka pamoja na Tanzania na wenzao kuanzisha jumuiya ya kupunguza utegemezi kwa Afrika Kusini. Chris Hani wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, aliishi Maseru miaka mingi tangu 1974. Na Mokhehle, mpinzani wa Makaburu wa siku zote, akiwa uhamishoni alikuja kuungwa mkono na Makaburu hao hao, na wapiganaji wake wakawa wakilipua mabomu nchini kwake mwenyewe. Kila mmoja alikuwa amebadilishana nafasi na mwenzake. Hicho ndicho mpaka na jirani wa aina ile unachowafanyia wanasiasa.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini waliingia Maseru, wakaenda nyumba kwa nyumba. Watu 42 waliuawa, 30 wakiwa Waafrika Kusini na 12 Wasotho, wakiwamo wanawake na watoto. Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, alikuja kwenye mazishi, ingawa ndege yoyote iendayo Maseru inapita juu ya nchi ya adui zake. Mwaka uliofuata Jonathan alifungua milango ya balozi za nchi za kikomunisti. Desemba 1985 wauaji walirudi, watu 9 wakafa.

Kisha Pretoria ikatumia silaha ambayo haina mlio. Tarehe 1 Januari 1986 ilifunga mipaka. Malori ya unga, petroli na dawa yalisimama ng'ambo ya daraja. Nchi nzima ya kilomita za mraba 30,355, iliyozungukwa pande zote na nchi moja, ilianza kukauka kama mmea uliokatwa maji. Ndani ya siku 19 jeshi lilichoka kusubiri, na tarehe 20 Januari Meja Jenerali Justin Lekhanya akampindua Jonathan. Wanachama wa ANC wakaanza kupakiwa kwenye ndege kuondolewa nchini, na tarehe 25 Januari mipaka ikafunguliwa.

Miezi tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba 1986, serikali ya Lekhanya ilitia saini mkataba wa maji.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Tangu miaka ya 1950 wahandisi walikuwa wameona kwamba milima waliyosukumiwa Wasotho kama makombo ya mezani ndiyo mnara wa maji wa kusini mwa Afrika. Lesotho ni nchi ambayo hata sehemu yake ya chini kabisa iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mto Senqu, ambao Afrika Kusini huuita Orange, unaanzia huko. Viwanda na miji ya Johannesburg na Pretoria viko juu penye mito midogo, na kuyasukuma maji kwa pampu mpaka huko ni ghali mno. Kutoka Lesotho yangeshuka yenyewe. Jonathan alikuwa amevutana nao kwa miaka juu ya masharti, hasa mkono wa nani utashika koki.

Mkataba ulipotiwa saini hapakuwa na bunge Lesotho la kuujadili. Wanajeshi waliosaini walikuwa wameingia Ikulu kupitia mlango uliofunguliwa na vikwazo vya waliosaini nao. Hili linanichoma kila ninapolifikiria, kwa sababu masharti yenyewe, ukiyatazama peke yake, si ya unyang'anyi. Wataalamu walikadiria gharama ya Afrika Kusini kuyapata maji yale yale kwa mradi wa pampu ndani ya mipaka yake, wakatoa gharama ya mradi wa milimani, na nafuu iliyobaki ikagawanywa: asilimia 56 kwa Lesotho, asilimia 44 kwa Afrika Kusini. Ujenzi wa kuhamisha maji unalipwa na Afrika Kusini, umeme ni wa Lesotho. Labda serikali iliyochaguliwa ingepata zaidi, labda ingepata hayo hayo. Watu wa nchi hawakupewa nafasi ya kujua.

Bwawa la Katse lilijengwa kwenye mto Malibamatso, ukuta wa zege uliopinda wenye kimo cha mita 185. Kutoka hapo maji yanaingia kwenye handaki la kilomita 45 linalopita chini ya milima mpaka kituo cha umeme cha 'Muela chenye megawati 72, kisha handaki lingine la kilomita 37 linayavusha mpaka Afrika Kusini. 'Muela iko wilaya ya Butha-Buthe. Maji yanapita chini ya wilaya ile ile ambayo Moshoeshoe aliondokea mwaka 1824, yakielekea upande ambao ardhi ilikwenda.

Mradi huo uliwaonyesha Wasotho pia jambo ambalo wengi wetu tunadhani haliwezekani kwa nchi ndogo. Mkuu wa mamlaka ya mradi, Masupha Sole, alibainika kupokea rushwa kutoka kwa makampuni makubwa ya ng'ambo. Lesotho ilimshtaki, mwaka 2002 akafungwa, kisha ikawageukia waliotoa: kampuni ya Acres ya Kanada ilitiwa hatiani mwaka huo, na Lahmeyer ya Ujerumani mwaka 2003. Mawakili wa serikali ya Maseru walikwenda Uswisi kufuatilia akaunti za benki. Mwaka 2004 Benki ya Dunia iliifungia Acres kupata kandarasi zake. Siku hizo bendera ya Lesotho ilisimama juu kuliko siku yoyote ya gwaride.

Utawala wa kura ulirudi mwaka 1993. Mwaka uliofuata mfalme kijana, Letsie wa Tatu, aliipindua serikali ya Mokhehle, aliyeshinda kura hiyo, na marais wa Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe wakamlazimisha airudishe. Kisha ukaja uchaguzi wa 1998. Chama tawala kilipata viti 79 kati ya 80, wapinzani wakakesha kwenye malango ya jumba la mfalme wakidai wameibiwa, wanajeshi vijana wakaasi wakuu wao, na Waziri Mkuu Pakalitha Mosisili akaomba msaada wa majirani.

Alfajiri ya tarehe 22 Septemba 1998 wanajeshi 600 wa Afrika Kusini walivuka mpaka. Ilikuwa Afrika Kusini ya Nelson Mandela. Yeye na naibu wake walikuwa nje ya nchi, na Mangosuthu Buthelezi alikuwa anakaimu urais. Pamoja na kambi na jumba la mfalme, walilenga Katse. Helikopta zilishambulia kituo cha walinzi wa bwawa, na wanajeshi wa Lesotho waliokuwa wakililinda wakauawa kwa risasi milimani, kando ya maji. Maseru iliporwa na kuchomwa katikati ya mji. Wanajeshi wa Botswana waliwasili baadaye, na shughuli yote ikafanywa kwa jina la jumuiya ya kanda.

Naamini nia ya kuzuia mapinduzi ilikuwa ya kweli. Naamini vilevile kwamba jeshi linalokuja kulinda demokrasia na kuhakikisha kwanza bwawa liko salama limesema lililo moyoni mwake. Kwa wazee wa Maseru waliozika watu 42 mwaka 1982, kumwona askari mwenye bendera mpya akipita barabara ile ile, miaka minne tu baada ya uchaguzi wa Mandela, ni jeraha ambalo nchi rafiki haikuliombea radhi ya kutosha.

Leo fedha ya Lesotho inaitwa loti, wingi wake maloti, neno lenye maana ya mlima. Ilianza kutumika 1980, na thamani yake imefungwa kwenye randi moja kwa moja. Ukinunua mkate Maseru unaweza kulipa kwa yoyote kati ya hizo mbili. Fungu la umoja wa forodha kwa miaka mingi limekuwa karibu nusu ya mapato ya serikali, na linapungua au kuongezeka kwa maamuzi yanayofanywa Pretoria. Migodi ilianza kupunguza watu miaka ya 1990. Waliorudi wengi walirudi na vifua vilivyojaa vumbi la mawe, na kazi iliyopatikana nyumbani, kwenye viwanda vya nguo, ilikuwa zaidi ya wake zao na binti zao. Kwenye daraja la Maseru foleni ya Desemba ingali ndefu. Waafrika Kusini wanaosema Kisotho ni wengi kuliko raia wote wa Lesotho.

Mwaka 2010 baadhi ya Wasotho walikusanya saini kutaka nchi ijiunge na Afrika Kusini: kazi yetu iko huko, hospitali yetu iko huko, basi mpaka wa nini? Mwaka 2023 bunge lilijadili hoja ya upande wa pili kabisa, kwamba Lesotho idai irudishiwe Free State yote na vipande vya majimbo mengine. Hoja hizo mbili zinaonekana kama moto na maji, lakini zimezaliwa nyumba moja, kwenye meza ile ya Aliwal North. Wa kwanza wanataka kuifuata ardhi ilikokwenda. Wa pili wanataka ardhi iwarudie.

Neno pula kwa Kisotho ni mvua, na ni moja ya maneno matatu kwenye kaulimbiu ya taifa: amani, mvua, neema. Metsi ni maji. Masikio ya Mswahili yakitulia yanaweza kusikia undugu wa maneno hayo na yetu. Oktoba 2024 mahandaki ya maji ya Katse yalifungwa kwa miezi sita ili yakarabatiwe, kwa makubaliano ya pande zote mbili na kwa ratiba iliyotangazwa mapema, na upande wa pili miji ya Free State na Gauteng ikapanga namna ya kuishi bila maji ya Lesotho hadi yaliporudi mwaka 2025.

Huko Mokhotlong, ambako Senqu ingali changa, bwawa jingine la mradi, la Polihali, linajengwa. Handaki la kilomita 38 litayapeleka maji yake Katse. Mei 2023 Mfalme Letsie wa Tatu na Rais Cyril Ramaphosa walikutana huko kuzindua kazi. Kwenye mabonde ya mabwawa haya, kabla maji hayajapanda, familia huonyeshwa mahali pa kuhamia, hulipwa fidia kwa mashamba na malisho, hubishana juu ya kiasi. Kisha wazee huitwa kuonyesha walipozikwa watu wao. Makaburi hufukuliwa moja moja, jamaa wakiwa wamesimama na mablanketi mabegani, na mifupa hubebwa kupandishwa mlimani.